Umeniandika Nesi

Kwa miaka minne niliwaandika wafu wa Kitale bila kuwasoma. Naanza na hilo kwa sababu mji mzima umeshalisikia, na kulizungukazunguka sasa ni kujichosha bure.

Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea. Mtu akifiwa, familia iliniletea karatasi za mkono: marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alioa nani, alizaa nani, aliugua nini. Nami nilizigeuza kuwa kijitabu cha mazishi chenye picha na nyimbo, halafu nikauweka wasifu kwenye tovuti yangu ili walio Nairobi na ng'ambo wausome. Hapo mwanzo niliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja na machozi kidogo, maana wengi nilikuwa nawajua. Kisha nikanunua programu.

Programu yenyewe ilikuwa na masanduku ya kujaza na vitufe viwili. Kitufe cha kwanza kilitunga wasifu kutokana na majibu uliyojaza. Cha pili kiliandika upya maandishi yoyote uliyokipa, na kilikuwa na ngazi tatu: kidogo, wastani, sana. Aliyeniuzia alinieleza kwamba mitambo ya kutafutia habari mtandaoni haipendi kukuta maneno yaleyale mara mbili, kwa hiyo wasifu wa tovuti sharti utofautiane na ule uliochapwa. Nikaona ni sawa. Baadaye, kwa uvivu tu, nikawa napitisha humo hata ule wa kuchapwa, kwa sababu ulitoka na Kiswahili kilichopigwa pasi na familia zilifurahi. Kila marehemu wangu alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mpenda amani. Ungesoma tovuti yangu ungedhani Trans-Nzoia haijawahi kuzika mlevi.

Jerop alikuja Jumanne moja ya mwezi wa pili. Mumewe, mzee Barasa, alikuwa amefariki siku sita kabla. Huyu Barasa alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa soko la Chwele, na alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa hukohuko Chwele, kwa mama Rosaline na watoto wake sita. Ya pili ilikuwa mahali paitwapo Kwanza, ekari tano za mahindi, ambako Jerop aliishi naye miaka kumi na tisa na kumzalia watatu, mkubwa wao msichana aitwaye Naliaka. Miaka miwili ya mwisho figo za mzee zilikataa kazi, na Jerop ndiye aliyemwogesha, akamlisha, na kumpeleka hospitalini kusafishwa damu mara mbili kwa wiki bila kukosa.

Karatasi aliyoileta ilikuwa na kurasa nne za fulskapu. Nyumba zote mbili zilikuwa zimeketi Chwele siku tatu kuiandika. Aliniambia kurasa tatu ziliisha siku ya kwanza, na siku mbili zilizobaki zilikwenda kwa mstari mmoja tu: *Mzee ameacha wake wawili, Rosaline na Jerop.* Chini ya mstari huo kulikuwa na sahihi mbili. Ya Rosaline ilikuwa imekandamizwa mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Asiye wa huku anaweza kushangaa watu kukaa siku mbili wakigombania mstari. Lakini kwetu kijitabu cha mazishi si ukumbusho tu. Mtu akifa bila wosia, chifu ndiye anayeandika barua ya kutambulisha warithi, na swali lake la kwanza huwa ni nani walitajwa siku ya kuzika. Shamba la Kwanza lilikuwa kwa jina la Barasa. Jerop hakuwa na cheti cha ndoa. Alichokuwa nacho ni ng'ombe wanne wa mahari ambao mzee aliwapeleka kwao Kapsokwony, kule mlimani, na kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuza ng'ombe, mwenye nia mbaya angesema aliwapeleka kuwauza. Ule mstari ndio uliokuwa nyumba yake.

Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaniangalia nikizipanga kurasa.

"Mama Kabiru," akasema, "utaandika vile iko?"

"Vile iko, Mama Naliaka."

Akashukuru, akaenda zake. Siku hiyo nilikuwa na misiba mingine mitano, mmoja wao wa mwalimu mkuu aliyekuwa na kamati nzima iliyonipigia simu kila nusu saa. Karatasi ya Barasa ilikuwa imechanganya Kibukusu, Kiswahili na Kiingereza cha kanisani. Nikaichapa yote, nikaipitisha kwenye kitufe cha pili, nikabonyeza *sana*. Nikaangalia kama picha imekaa katikati. Nikachapisha nakala mia nne.

Alhamisi alikuja Sitati kuzichukua, mtoto wa kwanza wa Rosaline, kijana mtanashati anayefundisha Bungoma mjini. Nilimkabidhi boksi pamoja na zile kurasa nne za mkono, maana ndio ulikuwa utaratibu wangu: anayechukua kazi anachukua na karatasi yake. Akafungua kijitabu kimoja, akasimama mlangoni akisoma. Alifika ukurasa wa katikati akakaa hapo muda mrefu. Nilimuuliza kama kuna kosa. Akasema kila kitu kiko sawa kabisa, tena akakisifu Kiswahili changu.

Ijumaa alasiri Jerop akapiga simu. Naliaka alikuwa ameufungua wasifu kwenye tovuti na kumsomea. Nilitegemea kelele, na kelele ningeziweza, nimezizoea. Badala yake nikasikia kuku nyuma yake.

"Mama Kabiru," akasema, "umeniandika nesi."

Nikafungua kijitabu. Kilisema hivi: *Marehemu alikuwa mume mwaminifu wa mke wake mpendwa Rosaline, na baba mwenye upendo kwa watoto wao tisa.* Kisha, aya ya mwisho kabisa, kwenye shukrani: *Familia inamshukuru kwa dhati Jerop kwa huduma yake ya kumuuguza marehemu katika siku zake za mwisho.*

Nilikisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Programu ilikuwa imekula wasifu za wanaume maelfu kwa maelfu, na wengi wao, inaonekana, walikuwa na mke mmoja mpendwa. Ilipokutana na wawili ikanyoosha. Halafu ikabakiwa na mwanamke mwingine aliyemwogesha mgonjwa na kumlisha, haikujua imweke wapi, ikampa kazi. Hata wanawe watatu ikawahamishia kwa Rosaline bila kuuliza mtu. Lakini sitaitupia lawama zote. Ilifanya ilichotumwa, na aliyetakiwa kusoma ni mimi.

Nilirekebisha tovuti yangu kwa dakika tano. Nikafikiri nimemaliza, kisha nikalitafuta jina la mzee mtandaoni. Kuna tovuti ambazo kazi yao ni kuchukua matangazo ya vifo ya wengine, kuyapitisha kwenye programu kama yangu na kuyatoa kama yao. Wasifu wa Barasa ulikuwa umeshatokea kwenye saba. Katika mmoja Jerop alikuwa muuguzi wa familia. Katika mwingine alikuwa msaidizi wa nyumbani. Wa tatu ulimwita jirani mwema. Kwenye wa saba hakuwepo kabisa, na watoto tisa wa Rosaline walikuwa wakimlilia baba yao kwa umoja. Niliwaandikia wenyewe, wote saba. Hakuna aliyejibu mpaka leo.

Jumamosi nilichapisha nakala mpya mia moja zenye ule mstari wa wake wawili, nikazipakia kwenye gari na kwenda Chwele. Boma lilikuwa limejaa, mahema manne, wachuuzi wa ng'ombe wamekuja na fimbo zao. Nilimtafuta Sitati, nikamvuta kando ya boma la ng'ombe na kumweleza kwamba kosa ni langu, vijitabu sahihi ninavyo hapa, na ile karatasi ya mkono aliyonayo itathibitisha.

"Karatasi sijui iko wapi, madam," akasema. "Si wewe ndio uliandika? Watu washasoma. Sasa unataka tuanze kubishana mbele ya maiti?"

Akaniacha pale. Ningeweza kwenda mbele mwenyewe. Mchungaji alikuwa bado hajafika, kipaza sauti kiko kwenye meza, na mfawidhi wa shughuli ni mtu ninayemfahamu. Lakini niliangalia mahema nikaona nyuso. Yule niliyemwandikia babake mwaka juzi. Yule niliyemwandikia mtoto. Karibu nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wameninunulia maneno wakati wa uchungu wao, na kusema kosa lililompata Jerop lilitokeaje ni kuwaambia wote kwamba sikuwahi kuyatazama. Nikaketi. Boksi la nakala mia moja nililipakata mapajani, na sikulifungua.

Jerop alikuwa amekaa hema la majirani. Hakuna aliyemfukuza kwenye hema la familia, ila viti vya mbele vilikuwa vimebandikwa majina kufuatana na kijitabu, na lake halikuwepo. Sitati alisoma wasifu kwa sauti nzuri ya mwalimu. Alipofika mwisho, mfawidhi akachukua kipaza sauti na kusema kabla hatujaenda kaburini tumpigie makofi dada Jerop, aliyemhudumia mzee kwa moyo wa Kikristo, na asimame alipo tumwone.

Naliaka alimshika mamake mkono asisimame. Jerop akautoa mkono wa mtoto polepole, akasimama. Mume wake alikuwa kwenye jeneza hatua kumi mbele yake na hakutaka fujo kwenye mazishi yake. Alisimama akiwa ameinua uso, kitambaa cheusi kichwani, watu mia nne wakampigia makofi kwa kufanya kazi nzuri. Nami nilipiga. Niliona mikono yangu ikipiga.

Mwezi wa nane chifu aliandika barua. Ilimtaja Rosaline na watoto tisa, kama kijitabu. Jerop alipewa miezi mitatu ahame Kwanza. Watoto wangebaki, alielezwa, kwa kuwa ni damu, lakini yeye alikuwa mwajiriwa na aliyemwajiri amekufa. Akaenda mahakamani Bungoma kupinga. Wakili wake, mwanamke kijana mwenye subira, alimwambia bila karatasi ya mkono kesi inasimama kwa mtu mmoja tu, naye ni yule aliyechapa.

Jerop akaja ofisini kwangu. Hakuketi. Alinitajia tarehe ya kesi, akaniuliza nitakuja au la. Nikasema nitakuja, na baada ya yeye kutoka nilifunga mlango nikalia, kwa hasira zaidi ya huruma. Nilikuwa na wateja kila wiki, na nilijua fika kwamba nikishasema ninachotakiwa kusema sitapata mwingine.

Bungoma siku hiyo kulikuwa na jua kali. Chumba cha mahakama kilijaa watu wa Chwele, na Rosaline alikuwa benchi la mbele na mwanawe. Niliapa, nikasema yote: karatasi ya kurasa nne, sahihi mbili, kitufe, nakala mia nne. Nilisikia watu wakinong'ona nyuma yangu. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, ati hata ya mama yangu iliandikwa na mashine?

Wakili wa Sitati alisimama akitabasamu. Aliniuliza kama naiambia mahakama kwamba kompyuta ilimvunjia huyu mama ndoa, na kompyuta ina ugomvi gani naye. Watu wakacheka. Nikasema haina ugomvi na mtu, ni mazoea tu. Ikiona pengo inaliziba kwa kile ilichozoea kukuta kwa wengi. Akasema hilo ni neno la mtu aliyeharibu kazi na sasa anatafuta pa kuegemeza, na kwamba kwa miaka minne hakuna familia hata moja iliyolalamika. Akaniuliza kama nina mfano mwingine, hata mmoja, wa programu kutia jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Mifano nilijua ipo. Tangu Ijumaa ile nilikuwa nimezipitia wasifu zangu zote, na baadhi zilinitoa jasho. Lakini zile zilikuwa za wafu wa watu, na wenyewe wamekaa humo chumbani, na sikuwa na haki ya kufungua kaburi la mtu ili nijitetee. Ulikuwepo mmoja tu ambao ningeweza kuutoa.

Nikamwambia afungue tovuti yangu, atafute jina Nyambu. Akaitoa simu, akatafuta, akausoma kwa sauti. Nyambu, mkulima na mcha Mungu, aliyehamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri akiwa bibi harusi. *Alilala usingizi wa milele kwa amani, akiwa amezungukwa na wanawe wote, wakimwimbia wimbo alioupenda.*

"Huyu ni nani kwako?" akauliza.

"Ni mama yangu."

"Na uongo uko wapi hapo?"

"Hakuna aliyekuwepo. Alifariki peke yake hospitalini. Kulikuwa na sanduku la kujaza waliokuwepo, nikaliacha wazi. Programu ikalijaza."

Wakili akatikisa kichwa kama mtu aliyekaribia kushinda. "Na huo pia hukuusoma."

Ningeweza kusema ndiyo. Ingelingana na mengine yote niliyokwisha kusema, na hakuna binadamu angejua. "Huo niliusoma," nikamwambia. "Niliusoma siku hiyohiyo. Nikaona umesema kitu ambacho ningetaka kiwe kweli, nikauacha. Nimekuwa nikiufungua kuusoma mara kwa mara. Programu ilikosea mara moja, lakini mimi nimeuacha miaka mitatu."

Sikuwa nimekusudia kumtazama Sitati, lakini macho yalikwenda kwake yenyewe, naye akainamisha uso. Hakimu, mama wa makamo, aliacha kuandika.

Rosaline ndiye aliyesimama. Hakuitwa na mtu. Sitati alimshika gauni kumketisha, hakimu naye akamwambia angoje zamu yake, lakini yeye akasema amengoja vya kutosha. Basi akaapishwa. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti ndogo, na ilibidi wote tukae kimya kumsikia.

"Mimi niliweka sahihi," akasema. "Karatasi iko kwangu, ndani ya Biblia. Huyu mtoto alinionyesha hicho kijitabu hiyo Alhamisi. Nikaona jina yangu peke yake. Miaka kumi na tisa sijawahi kuona jina yangu peke yake. Nikanyamaza." Akageuka kumtazama Jerop. "Lakini ni mke mwenzangu. Mimi mwenyewe nilikuwa hapo ng'ombe wakitoka."

Hukumu ilikuja wiki sita baadaye na Jerop akabaki Kwanza. Lakini mambo yaliishia siku ile. Wale wake wawili walitoka nje kila mmoja kwa mlango wake, hawakukumbatiana, na sijasikia kwamba wanatembeleana. Wateja wangu walianza kupiga simu kabla sijafika kwenye gari, na sikupokea.

Jerop alinikuta uani, kwenye kivuli cha ukuta. Nikaanza kumwomba msamaha, maneno niliyoyaandaa tangu Kitale. Akainua mkono, hakutaka kuyasikia. Sijui kama alinisamehe, na sikuuliza.

"Yangu imerekebishwa," akasema. "Enda urekebishe ya mama yako."

Nilifika Kitale saa kumi. Nilipanda ofisini, nikafungua ukurasa wa mama, nikaufuta ule mstari mzuri. Kilichochukua nafasi yake nilikiandika kwa kidole kimoja, kama zamani: *Alifariki peke yake, Jumatano, saa nne asubuhi. Binti yake alikuwa ofisini, akichapa vijitabu vya watu wengine.*